Baiskeli Tuliyoigawa Kama Ng'ombe

Alhamisi, tarehe saba. Mvua ilianza alfajiri ikanyesha mpaka saa tatu, halafu ikakatika ghafla na jua likatoka kali, matope ya Migori yakaanza kutoa mvuke. Siku hiyo ndiyo niliondoka, na nikarudi Jumanne. Nyinyi wenzangu wa safu ya cherehani mmeniuliza kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja nimempa kipande. Sasa nimeandika yote mara moja, kwenye daftari la vipimo vya wateja, nisije nikamwambia huyu hivi na yule vile. Pale nilipokasirika nimeiacha hasira ikae. Pale nilipomwonea mtu, mniambie.

Goti langu la kulia mnalijua. Pikipiki ilinigonga Desemba pale njia panda. Mwenye pikipiki alikuwa na haraka, lakini mimi nami nilikuwa nimegeuza shingo kuangalia kitambaa cha gauni la mtu, kwa hivyo sitamtwika yote. Mfupa ulishika vizuri. Goti ndilo lililokataa kukunja. Na cherehani ya miguu inataka goti. Tangu Desemba nakata nguo nawapa nyinyi mshone, na mnanishonea vizuri, lakini fundi asiyeshona ni mtu gani? Dada wa mazoezi pale hospitalini aliniambia bila kuzunguka:

"Fundi, tafuta baiskeli. Uendeshe kila siku, asubuhi na jioni. Kliniki yako ni mwisho wa mwezi. Ukija mguu unazungusha pedali duara zima, tutaendelea hivyo. Ukija hauzungushi, daktari atakupa dawa ya usingizi aukunje kwa nguvu. Na mfupa wako bado mchanga, unaweza kuvunjika tena pale pale."

Nilijaribu blakmamba ya jirani, ile baiskeli nyeusi ya mizigo. Ile haina giya, na kilima kidogo tu kiliniwasha moto gotini nikashuka. "Unataka ya giya," yule dada akasema. "Giya nyepesi kabisa."

Ya giya tulikuwa nayo. Ilikuwa ya baba. Baiskeli ya milimani, ya chuma, nyekundu, nzito, aliyoinunua kwa padre mmoja aliyekuwa anarudi kwao, akaipanda mpaka mwaka aliokufa. Baada ya matanga tuligawana vitu vyake sisi ndugu watatu: Odhiambo, kaka yetu mkubwa anayekaa Homa Bay, mimi wa katikati, na Ouma, mdogo wetu aliyeoa kisiwani Mfangano. Baiskeli ikaleta maneno, kila mtu anaitaka. Ndipo mimi, mpenda haki, nikasimama nikasema, "Ng'ombe wa matanga huwa tunamgawa vipi? Kila mtu anajua sehemu yake na hakuna anayenung'unika. Tuigawe hivyo hivyo." Wazee wakatikisa vichwa, wakasema mtoto huyu ana akili. Odhiambo akachukua magurudumu. Ouma akachukua giya, cheni na krenki, yaani ile mikono miwili ya chuma inayoshika pedali. Mimi niliwaacha wachague kwanza, nikabaki na fremu. Miaka minne fremu hiyo imekuwa mlango wa banda langu la kuku.

Mke wangu Boke ni Mkuria wa upande wa Isebania, na nyumbani tunaongea Kiswahili kwa sababu hiyo. Asubuhi ile alinitazama nikifungua waya za banda.

"Nyinyi Wajaluo mlikula ng'ombe mkaona hamjashiba," akasema, "mkala na baiskeli. Haya, nenda ukakusanye mifupa."

Nilikasirika, nikaendelea kufungua waya. Fremu nikaipeleka kwa Chacha, fundi wa baiskeli, aanze kuisafisha. Nikaondoka.

Migori mpaka Homa Bay, juu ya vitunguu

Binamu wa Boke, anaitwa Marwa, alikuwa anapeleka lori la vitunguu kutoka mpakani, akakubali kunibeba. Mbele hapakutosha mguu usiokunja. Tukajaribu kuupitisha dirishani, ukapita, lakini polisi angesema nini? Mwishowe wakanipandisha juu ya magunia, nimenyooka kama mtu anayepelekwa kuzikwa.

Tulipofika mji wa Rongo, Marwa akasimama. "Shemeji, dakika tano tu," akasema. Nilihesabu magari ya miwa yaliyopita mpaka nikachoka kuhesabu. Marwa alikuwa ameingia sokoni kutafutia magunia mawili mnunuzi wake mwenyewe. Mama mmoja wa viazi vitamu akaniletea kiazi na chai kule juu, akanyoosha mkono na kikombe.

"Baba, mbona mguu umetangulia mwenyewe?"

"Umekataa kukunja."

"Umekataa kukunja, nawe unakwenda wapi?"

"Kutafuta baiskeli."

Alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye gunia. Akaita wenzake waje wamwone mtu asiyekunja mguu anayetafuta baiskeli. Walikuja wanne. Niliwaza kushuka nirudi nyumbani kwa miguu, lakini hata kushuka kulikuwa kunataka watu wawili. Marwa aliporudi saa mbili baadaye nilimpa maneno ambayo shemeji hapaswi kumpa shemeji. Kisha mvua ikaanza tena, akasimamisha lori, akapanda juu akanivisha koti lake, akaendesha huku mvua ikimlowesha yeye kupitia dirisha lililovunjika. Kwa hivyo sijui. Maneno nimeyarudisha nusu.

Homa Bay, kwa Odhiambo

Odhiambo anauza maji kwa mkokoteni, mitungi kumi na miwili kila safari, kutoka kwenye mfereji mpaka hotelini. Nilimkuta kwenye foleni ya maji. Kitu cha kwanza nilichokiona hakikuwa uso wake. Niliiona ile rimu ya rangi ya fedha yenye mkwaruzo baba alioupata kwenye daraja. Magurudumu ya baba, yote mawili, chini ya mkokoteni. Spoki zinang'aa.

"Okoth!" akasema. "Unanuka kama sufuria ya hoteli."

"Ni vitunguu, Baba Awino," nikamwita kwa jina la mwanawe. "Nimekuja kwa ajili ya magurudumu."

"Magurudumu yapi?"

"Ya baba."

"Hayo ni yangu. Si ni wewe uligawa?"

Nilimweleza goti, cherehani, kliniki, yote. Alisikiliza huku anajaza mitungi. Nitasema ukweli, alisikiliza mpaka mwisho.

"Goti lako naliona," akasema. "Na haya yananilishia watoto wanne. Niking'oa, maji nibebe kichwani?"

"Nitakutafutia mengine."

"Mengine utatafuta. Lakini kwanza nijibu swali moja, Okoth. Siku ile ulijua kwamba fremu ndiyo baiskeli?"

"Niliwaacha mchague kwanza!"

"Uliniacha nichague kwanza baada ya kuipasua. Mtu mwenye magurudumu mawili ana nini? Ana mkokoteni. Mtu mwenye fremu ana baiskeli inayongoja magurudumu. Watu wa nyumbani mpaka leo wakiulizwa baiskeli ya mzee iko wapi, wanasema iko kwa Okoth. Kuna siku moja umesikia wamesema iko kwa Odhiambo?"

Nilipiga kelele. Nilimwambia mimi ndiye niliyezuia ugomvi siku ile, mimi ndiye niliyechukua mabaki, na kama alikuwa na neno miaka minne alikuwa wapi. Watu wa foleni wakaacha mitungi kutazama. Yeye hakupaza sauti. "Fikiria," akasema, "halafu urudi." Akasukuma mkokoteni akaenda, na yale magurudumu hayakutoa hata sauti, jinsi alivyoyatia grisi.

Nililala kwake. Mke wake alitupikia ngege wa kuchemsha na ugali. Nilikula nimenuna, sikusema na mtu, na nilikula vipande viwili kwa sababu samaki alikuwa mtamu na hilo si kosa lake.

Homa Bay mpaka Mfangano, juu ya kochi

Ijumaa asubuhi, kabla ya kuondoka sokoni, nilinunua kambare mkubwa wa moshi, yule sisi tunamwita mumi. Ouma tangu utoto angeacha shule kwa ajili ya mumi. Nikasema nikimpelekea huyu, giya zitatoka bila maneno.

Mbita nilifika saa sita. Boti ya injini ya Mfangano ilikuwa iondoke saa nane. Wakapakia kreti za soda. Wakapakia mbuzi watatu na mabati. Saa tisa wakaleta kochi, kubwa, limefungwa nailoni, na mwenyewe ni mama mnene aliyesimama kando yake kama askari.

"Mama, naomba nikae hapo pembeni," nikamwambia. "Mguu haukunji, na huku chini hakuna nafasi."

"Hili ni la harusi ya mtoto wangu. Halijakaliwa na mtu."

"Sitaliharibu."

"Unanuka samaki na vitunguu. Utakaa kwa roho tu, bila mwili?"

Nilikuwa tayari kumjibu vibaya, lakini nahodha akapiga kelele kutoka nyuma: "Mama, huyo mgonjwa akisimama akaanguka, tunageuza boti, na harusi yako inangoja kesho. Chagua." Akachagua. Nikalazwa juu ya kochi la harusi, koti la kuokolea shingoni, mbuzi mmoja ameweka kichwa kwenye mguu wangu mbovu. Tuliondoka karibu saa kumi na moja. Tulipopita Takawiri mama yule alinifungulia nailoni kidogo upande wa kichwa nisitokwe jasho, akanipa ndizi. Hakuniangalia alipokuwa ananipa.

Pikipiki kutoka ufukweni ilinifikisha kwa Ouma jua linazama. Nilikiona kipande chake cha mwisho kikiingia majini nikiwa getini. Kumbukeni hilo.

Mfangano, siku isiyoguswa na spana

Ouma alitoka mbio akanikumbatia mpaka fimbo ikaanguka. Nyuma yake, chini ya turubai, niliona umbo la mashine. Alikuwa ameunganisha fremu ya blakmamba iliyokufa, jiwe la kunolea, na ile krenki na cheni ya baba. Unakaa, unapiga pedali, jiwe linazunguka, unanoa. Wanawake wote wa ufuo ule wanaopasua samaki huleta visu kwake.

"Ouma, nimekuja kwa ajili ya krenki na giya. Ni habari ndefu. Tufungue usiku huu, kesho mapema nirudi."

Akanitazama kwa huruma kweli. "Okoth, jua limezama."

"Taa si mnayo?"

"Sabato imeingia. Spana ziko kwenye sanduku, na sanduku halifunguliwi mpaka kesho jua lizame tena. Na Jumapili asubuhi ndiyo nitafanya, kwa mwanga."

"Sabato gani? Wewe ni Mkatoliki."

"Nilikuwa. Mimi na Mama Shem tulibatizwa hapa ziwani mwaka jana."

"Na hukuniambia?"

"Na wewe umekuja hapa lini?"

Sikuwa nimewahi kufika. Miaka yote hiyo. Nikatoa mumi kwenye karatasi nimpe, nikidhani angalau hilo. Mke wake, Mama Shem, akarudi nyuma hatua moja.

"Shemeji, asante sana, Mungu akubariki. Lakini samaki asiye na magamba sisi hatuli tena."

Mumi akachukuliwa na jirani. Usiku ule nilisikia harufu yake ikichemka ng'ambo ya ua, na mimi mbele yangu nilikuwa na nyoyo, yaani mahindi na maharagwe yaliyopikwa mchana wa Ijumaa ili Sabato jiko lisisumbuliwe. Yalikuwa baridi. Yalikuwa mengi pia, na walinipa godoro lao.

Jumamosi nilikwenda nao kanisani kwa sababu kubaki peke yangu na ile mashine kungenitia dhambini. Mguu ukakaa katikati ya njia, kila anayepita anauruka. Mchungaji akauliza mgeni ana shida gani. Ouma akasimama akaeleza, vizuri kuliko ninavyoweza mimi, na kanisa zima likapiga magoti kuombea goti langu. Watu wote hao wanaweza kukunja, wamekunja kwa ajili yangu, na mimi peke yangu nimenyooka kwenye benchi. Nilikuwa na hasira ambayo siwezi kuieleza. Nilikuwa nawaza: sala ya dakika ishirini, spana ingekuwa imemaliza kwa dakika tano. Najua walinitakia mema. Nimeandika kwamba najua.

Jumapili, mashine ya visu

Kulipokucha Ouma alifungua sanduku. Kabla ya spana akatoa kwanza mfuko wa mkate uliofungwa kwa uzi. Ndani kulikuwa na giya ya nyuma, giya ya mbele, vishikio vyake viwili na waya zimekunjwa kama uzi wa nguo, vyote vimepakwa grisi nene.

"Hivi mashine haikuvihitaji," akasema. "Nikasema siku moja utavikumbuka."

Nilikuwa nimejitayarisha kugombana. Tangu Homa Bay nilikuwa napanga maneno. Hata hayo akaninyima, na mniamini, niliudhika zaidi.

Krenki ndiyo ilikuwa kazini. Wanawake wa visu walikuwa tayari wamepanga foleni, saba au nane, visu kwenye ndoo. Mama Shem akaja akasimama kati yetu.

"Baba Shem, ukitoa hiyo, jiwe litazunguka kwa mdomo?"

Ouma alikuwa amepata cheni ya zamani na krenki ya blakmamba kwa fundi wa mitumbwi, krenki imepinda kidogo lakini inazunguka. Angeiweka hiyo. Mama Shem akaishika, akaiangalia ilivyopinda, akaangalia mguu wangu, akamrudishia Ouma. Alikuwa na haki ya kusema, na sijui kama mimi ningeweza kunyamaza.

Basi krenki ya baba ikakataa kutoka. Imeshika kwenye ekseli, na kuna kifaa maalum cha kuivuta, ambacho kisiwa kizima hakina. Ouma akasema iko njia: unalegeza nati, halafu unapiga pedali kwa nguvu, inajitikisa yenyewe mpaka inaachia. Inahitaji mtu akanyage kweli kweli.

"Nitakanyaga mimi," nikasema. Nilitaka kitu kimoja nifanye mwenyewe.

Wakanipandisha. Mguu wa kushoto ukashuka, wa kulia ukapanda, ukapanda, ukafika karibu na juu ukasimama. Nikasukuma. Goti likakaa pale pale kama mlango uliofungwa kwa ndani. Nikarudisha nyuma, nikaja tena. Ukasimama pale pale.

"Huyu fundi mpya ni wa kunoa au wa kutikisa?" mwanamke mmoja wa foleni akauliza.

"Mwache," mwingine akasema, mwanamke mfupi mwenye kisu kirefu kuliko wote. "Mguu wake bado uko kwenye Sabato."

Walicheka mpaka ndoo zikalia. Ouma naye akacheka, akageuka upande. Nilishuka masikio yakiwaka. Nilitaka kuwatukania waume zao wote, lakini niliona aibu kuanza bila kujua nani ana mume. Mama Shem akafunga leso kiunoni, akapanda, akaanza kukanyaga. Alinoa kisu cha kwanza, cha pili, cha tatu, jasho linamtoka, hasemi na mtu. Kwenye kisu cha saba krenki ikalia klak na kuning'inia. Akashuka, akaitoa kwa mkono wake mwenyewe akanipa ikiwa bado na joto, na cheni yake pia.

"Shemeji," akasema, "ukipona uje uendeshe hapa siku moja nipumzike."

Nilimpima Shem na dada zake mabega na viuno kwa kamba ya nyavu, nimeandika vipimo vyao humu humu daftarini. Sare za muhula ujao nitashona mimi. Hilo halilingani na krenki, lakini ndilo nililo nalo.

Homa Bay tena

Jumatatu nilifika Homa Bay saa nne. Kwa mafundi wa vyuma karibu na soko nilipata magurudumu mawili ya pikipiki ya zamani, mazito, ya kubeba maji mpaka kiama. Kijana wa mkokoteni mwingine akanisaidia kuyaviringisha mpaka kwenye foleni ya mfereji. Nilikuwa nimepanga kuyatupa mbele ya Odhiambo na kusema, haya, nipe ya baba, tumalizane.

Odhiambo aliyakagua, akayagonga, akayazungusha. "Ni mazuri," akasema. Hakugusa mkokoteni. "Umefikiria?"

Nilikuwa nimefikiria. Kwenye boti nilifikiria, kanisani nilifikiria badala ya kusali. Na sikupenda nilichokipata.

"Sijui kama nilijua," nikamwambia.

"Hilo si jibu."

"Ngoja basi! Sijui kama nilijua kabla. Lakini mlipomaliza kuchagua na nikaona fremu imebaki, moyo wangu ulifurahi. Niliona nimepata baiskeli na sifa ya haki siku moja. Na sikuwaambia."

Akauegemea mkokoteni. Halafu akauliza, "Umesema?"

"Nimesema."

Akawageukia watu wote wa foleni, akanyoosha mkono kama anayehubiri. "Mmesikia? Huyu ni ndugu yangu. Mwenye haki. Amesema."

Watu wakacheka. Mzee mmoja akapiga mtungi wake kama ngoma. Tangu ile pikipiki ya Desemba sijawahi kuwa na hasira ya namna ile. Kwa nini ilikuwa lazima awaambie? Jambo la ndugu wawili, kwa nini foleni nzima? Nimelifikiria mpaka leo, na la haki ninaloweza kusema ni kwamba mimi pia niligawa baiskeli mbele ya watu, na mbele ya watu nikasifiwa.

Alipomaliza kunifanya kichekesho akalala chini ya mkokoteni mwenyewe akafungua. Hakuniruhusu nisaidie. Alipotoa gurudumu la kwanza alilishika kwa ekseli akalizungusha hewani mbele ya macho yangu. Lilikwenda, likaenda, bila kutikisika upande hata unywele. Kila Jumamosi alikuwa akiyakaza spoki.

"Baba aliyapenda hivi," akasema. Akayafunga kwa kamba, akanipandisha kwenye gari yeye mwenyewe.

Migori, kwa Chacha

Jumanne nilikuwa na kila kitu. Magurudumu yasiyotikisika, giya zilizolala kwenye grisi, krenki iliyotoka na jasho la Mama Shem. Nilimmwagia Chacha vyote mbele yake kama mtu anayerudi kutoka vitani. Hakufurahi.

"Vitu vyako ni vizuri," akasema. "Shida ni fremu."

"Fremu ina nini?"

"Bomba la kiti. Limeshika kutu ndani, chini kabisa, halipandi. Nimetia mafuta ya dizeli tangu Alhamisi, nimegonga, wapi. Mavi ya kuku yamekula chuma. Wenzako walitunza, fundi. Wewe ulifungia kuku."

Nilimwambia afunge hivyo hivyo, nitaendesha kiti kikiwa chini. Akafunga. Kila kitu kiliingia mahali pake kana kwamba hakijawahi kuachana. Nikapanda nikishika nguzo ya kibanda. Na kiti kikiwa chini vile goti linatakiwa likunje zaidi, kwa hivyo mguu haukufika hata pale ulipofika Mfangano. Ukasimama mapema, ukabaki hapo.

Hasira niliyokuwa nimeibeba tangu Alhamisi, ya Marwa, ya kochi, ya Sabato, ya foleni, yote ilinirudia ikakosa mtu wa kwenda kwake. Nilizunguka Homa Bay yote nikidai vipande vya watu, na kipande kibovu kilikuwa changu. Kile nilichokifurahia moyoni.

"Vunja," nikamwambia Chacha. "Vunja au toa, mimi sijali tena."

"Ninajali mimi," akasema. Akageuza baiskeli juu chini, akabana bomba la kiti kwenye jiliwa kubwa, akalipasha moto kwenye shingo, akaita majirani wawili wa duka la matairi. Mmoja akashika nyuma ya fremu, mmoja mbele, wakaizungusha fremu nzima kama usukani wa lori. Hakuna. Wakazungusha tena. Nikaweka fimbo chini nikashika pamoja nao. Mara ya nne ikatoa mlio ambao nitausikia mpaka nife, na vumbi la kahawia likamwagika miguuni petu. Bomba likaanza kuja, kidogo, kidogo.

Chacha alilisugua kwa msasa, akalipaka grisi, akapandisha kiti juu mpaka kikawa kama cha mtu mrefu. Akaweka giya nyepesi kuliko zote.

Nikapanda. Nguzo mkono wa kushoto. Mguu wa kulia ukapanda, ukafika pale pake pa kusimama, ukasimama. Watu wa duka la matairi wakasogea karibu. Nikasukuma kwa wa kushoto. Kitu kikavutika ndani ya goti kama mshono unaofumuka, nikapiga ukelele wa Kijaluo ambao siuandiki humu, na mguu ukapita juu ukashuka upande wa pili. Nikaurudisha tena kabla haujabadili nia. Ukapita. Mara ya tatu niliachia nguzo.

Nilifika nyumbani nimepanda nusu ya njia na kusukuma nusu. Boke alikuwa mlangoni. Aliangalia baiskeli, akaangalia uso wangu.

"Umelia," akasema.

"Ni hasira."

"Sawa," akasema, na akachukua baiskeli akaiingiza ndani ya nyumba, si kwenye banda la kuku.

Jioni tulikula ugali wa wimbi na akeyo, ile mboga ya mgagani, iliyolala kwenye maziwa. Mguu ulikuwa umevimba, nikala nimeunyoosha juu ya kigoda, na Boke akanimegea ugali akaniwekea karibu nisilazimike kuinama.